Kulala Ndani ya Serengeti: Mwongozo wa Kupanga Safari ya Kambi

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, haina uzio. Hakuna ukuta wala waya unaomtenga mnyama na binadamu, si mipakani, si kuzunguka hoteli, wala si kuzunguka viwanja vya kambi, yaani maeneo yaliyotengwa na uongozi wa hifadhi ili wageni wasimike mahema yao na kulala humo. Jambo hili moja ndilo linalotawala maandalizi yote ya safari ya kambi, kuanzia matunda yanayonunuliwa sokoni hadi saa ya kwenda chooni, na msafiri aliyelielewa kabla ya kuondoka nyumbani huwa amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya kazi.

Wapo wananchi wengi wanaoamini kwamba kulala hifadhini ni anasa ya wageni kutoka ng'ambo, na imani hiyo inatokana na bei za hoteli za kitalii, ambazo kweli ziko mbali na uwezo wa familia ya kawaida. Kambi ni habari nyingine kabisa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ada za hifadhi kwa shilingi, kwa kiwango ambacho ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka nje ya jumuiya, na watoto wasiofikisha miaka mitano huingia bila malipo. Familia mbili zinazochangia gari, mafuta na chakula zinaweza kulala usiku mbili katikati ya Serengeti kwa gharama inayopangika, mradi kila mtu mzima abebe kitambulisho kinachothibitisha uraia wake, kwa kuwa bila hicho ofisa wa langoni hana msingi wa kumtoza kiwango cha raia.

Kambi ni za namna mbili kuu, na tofauti yake inafaa ieleweke kabla ya kuomba nafasi. Kambi ya umma ni uwanja unaotumiwa na makundi mengi kwa wakati mmoja, wenye vyoo, mabafu ya maji baridi, jengo la kupikia na banda la kulia chakula. Kambi maalumu ni eneo linalotengewa kundi moja tu kwa siku zilizokubaliwa, lipo mbali na makundi mengine, na kwa kawaida halina huduma yoyote: hakuna maji, hakuna choo, hakuna jengo, na kila kitu huja na msafiri na huondoka naye. Kambi maalumu ina utulivu mkubwa na ada yake ni kubwa zaidi, lakini humtaka mtu mwenye uzoefu, vifaa vya kutosha na ikiwezekana askari wa uhifadhi wa kuwalinda. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, na hasa mwenye watoto, kambi ya umma ndiyo inayofaa, na hapo pasiwe na mjadala.

Kambi za umma zinazojulikana zaidi zimekusanyika Seronera, eneo la katikati ya hifadhi, na majina yake yanastahili kusomwa kwa makini: Nyani, Pimbi, Tumbili, Nguchiro na Dik Dik. Hakuna iliyoitwa Simba wala Chui, ingawa simba na chui wapo wengi kando ya Mto Seronera. Wanyama waliozipa kambi hizo majina ni wadogo, na baadhi yao ndio wanaomsumbua mpiga kambi kila siku. Nyani na tumbili wamejifunza kwa miaka mingi kwamba mahali palipo na hema pana mkate. Kundi lao hukaa pembezoni mwa uwanja, juu ya mti au jabali, likionekana halina habari na mtu yeyote, kisha mpishi anapogeuka kuchukua chumvi dume mmoja hushuka, hupita kati ya viti, hunyakua mfuko wa ndizi na kurudi mtini kabla sufuria haijafunikwa. Hema lililofungwa zipu halimzuii, kwa sababu akinusa chakula ndani huivuta zipu au huupasua wavu wa dirisha kwa kucha, na hema lililopasuka saa nne asubuhi halitamkinga mtu na mbu usiku ule.

Kwa sababu hiyo majiko ya kambi za Seronera yamejengwa kama vizimba, kuta zake zikiwa na nyavu za chuma kutoka usawa wa kiuno hadi darini na mlango wake ukiwa na komeo. Kwa mpangilio huo anayepika ndiye anayekaa ndani ya kizimba na mnyama hubaki nje, na mlango huo unapaswa kufungwa kila mtu anapoingia na kila anapotoka, hata kama amekwenda kuchota maji hatua kumi tu. Chakula chote, kikiwemo kile kilicho ndani ya makopo, pamoja na sabuni yenye harufu, dawa ya meno na maziwa ya mtoto, hukaa jikoni humo au ndani ya gari lililofungwa vioo. Kisiingie hemani hata kipande cha biskuti. Machungwa, maembe na matunda mengine yenye harufu kali ni bora yaachwe nyumbani, kwa kuwa tembo huyanusa kutoka mbali, na tembo anayefuata harufu haoni hema kuwa kizuizi.

Kumlisha mnyama ni kosa kwa mujibu wa kanuni za hifadhi, na sababu yake haikomei kwenye usalama wa anayelisha. Nyani aliyezoea kupewa hupoteza woga wake kwa binadamu, huanza kudai kwa meno, na mwisho wake mara nyingi huwa ni kuuawa kwa kuwa hatari kwa wageni. Mtoto anayerusha ganda la ndizi kwa furaha anapaswa kuelezwa hivyo waziwazi, kwa maneno anayoyaelewa, kabla ya kufika.

Suala la malipo lina undani ambao wengi huujua wakiwa tayari langoni. Kibali cha kuingia Serengeti huhesabiwa kwa saa 24 tangu gari linapopita lango, wala hakihesabiwi kwa tarehe ya kalenda, ilhali ada ya kambi huhesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Anayeingia saa nne asubuhi siku ya Ijumaa na kulala usiku mbili anatakiwa awe nje kabla ya saa nne asubuhi ya Jumapili. Akichelewa, siku ya tatu inahesabiwa. Tuchukue mfano wa msafiri anayetoka Mwanza kupitia Lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza kuelekea Musoma, umbali usiozidi kilomita 150 kutoka jijini. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni takribani kilomita 140 za barabara ya vumbi, na kwa kuwa mwendo wa juu unaoruhusiwa hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, safari hiyo huchukua saa nne hivi pamoja na vituo vya kutazama wanyama. Akiingia saa nne, siku ya kurudi itamlazimu kung'oa mahema gizani. Akiingia saa sita mchana atafika Seronera saa kumi, akiwa na zaidi ya saa mbili za mwanga za kusimika hema, na siku ya kuondoka atapata kifungua kinywa, atafunga mizigo bila haraka na kuanza safari saa moja na nusu. Saa ya kuingia ni uamuzi wa kifedha, na huchaguliwa nyumbani.

Njia ya Ndabaka ina faida nyingine kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa haipiti Ngorongoro. Anayetoka Arusha hufika Serengeti kwa Lango la Naabi baada ya kulivuka Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ambalo liliwahi kuwa sehemu ya Serengeti hadi mwaka 1959 lilipotengwa ili wafugaji wa Kimaasai waendelee kuishi humo. Maeneo hayo mawili yana mamlaka mbili tofauti: Serengeti ipo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, linalojulikana kama TANAPA, na Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe. Kwa hiyo anayepita Ngorongoro hulipa huko pia, na bajeti isiyoonyesha malipo hayo ya kwenda na kurudi haijakamilika. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, yaani namba maalumu inayotolewa na mfumo wa serikali kwa kila muamala, au kwa kadi ya benki, na fedha taslimu hazitegemewi langoni. Inafaa namba hiyo iombwe na kulipiwa mapema, na risiti ichapishwe kwenye karatasi, kwa kuwa mtandao wa simu hupatikana vizuri Seronera lakini hukatika sehemu nyingi za hifadhi.

Wakati wa kwenda hutegemea kile ambacho msafiri anataka kukiona na kile ambacho gari lake linaweza kukihimili. Nyumbu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala, huzunguka mfumo wa ikolojia wa Serengeti na Maasai Mara kwa mwaka mzima wakifuata mvua na majani mapya. Kati ya Januari na Machi huwa kusini, katika nyanda za majani mafupi, ambako ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache za Februari. Mei na Juni hupita magharibi kuelekea Mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wengi huwa kaskazini karibu na Mto Mara. Na mvua za vuli zikianza hurudi kusini. Mzunguko huo hauna tarehe, kwa kuwa mvua ndiyo inayoamua, na atakayepanga safari kwa ajili ya nyumbu pekee ajue kwamba anaweza kuwakosa. Simba, tembo, twiga, viboko na fisi wa Seronera hawahami, na hilo ndilo linaloifanya kambi ya katikati ya hifadhi ifae mwezi wowote.

Masika, yaani Machi hadi Mei, huhitaji tahadhari ya pekee upande wa magharibi, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukikauka hupasuka na ukilowa huteleza kama sabuni na kung'ang'ania magurudumu. Gari lisilo na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne halina nafasi huko wakati wa mvua. Hata kiangazi, barabara za changarawe hujaa mikunjo midogomidogo inayotikisa gari kwa saa nyingi na kulegeza nati, hivyo ukaguzi wa fundi kabla ya safari ni sehemu ya maandalizi. Magurudumu mawili ya akiba ni bora kuliko moja, na jeki iwekewe kipande cha ubao mpana cha kuizuia isizame. Mafuta yajazwe kabla ya lango kwa hesabu ya kwenda, kurudi na mizunguko ya kutazama wanyama, ambayo kwa siku moja inaweza kufikia kilomita 100. Gari likiharibika, watu hubaki ndani na husubiri gari jingine, na kuacha barabara ili kumsogelea mnyama ni kosa linalotozwa faini.

Maji ndiyo mzigo mzito zaidi, nao hauna mbadala, kwa sababu maji ya bomba ya kambini ni ya kuoga na kuoshea vyombo. Lita tano kwa mtu kwa siku hutosha kunywa na kupikia, maana yake watu sita kwa siku tatu huhitaji lita 90, yaani madumu matano ya lita 20 na akiba kidogo ya gari. Kupika ni bora kufanywe kwa jiko la gesi, na mtungi wa kilo sita hutosha kwa kundi hilo bila wasiwasi, kwa kuwa kuokota kuni ndani ya hifadhi hakuruhusiwi: gogo lililoanguka ni makazi ya wadudu, mijusi na nguchiro, na likioza hurudisha rutuba ardhini. Vyakula vinavyofaa ni vile visivyohitaji barafu, kama mchele, maharage yaliyochemshwa nyumbani, dagaa, unga, viazi, vitunguu na chapati za siku ya kwanza. Nyama, kama lazima iwepo, ipikwe jioni ya kwanza na iishe.

Hema linalofaa ni lile lenye sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, zipu zinazofunga hadi chini, na nyavu zisizo na tundu. Chandarua kilichotundikwa mtini, au kitanda cha kukunja kilichowekwa nje kwa sababu ya joto, si malazi katika eneo lisilo na uzio. Mpiga kambi alisimike hema lake angalau mara moja uani kwake kabla ya safari, kwa kuwa ni hapo atakapogundua kwamba kigingi kimoja kimepotea au kwamba fimbo imepasuka, na ardhi ya Seronera wakati wa kiangazi ni ngumu kiasi kwamba vigingi vyembamba vya waya hupinda kwa pigo la kwanza. Vigingi vya chuma kinene na nyundo ndogo huokoa jioni nzima. Mahema ya kundi moja husimikwa karibukaribu, mbali na njia zilizokanyagwa na wanyama, ambazo hutambulika kwa mstari wa ardhi tupu katikati ya majani na kinyesi kilichotawanyika juu yake, na mbali pia na jiko. Gari huegeshwa jirani, mlango wake ukielekea mahema.

Jua huzama Serengeti kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kutoka hapo kuna kanuni moja iliyo juu ya nyingine zote: mtu akishaingia hemani kulala, hatoki. Simba, fisi na tembo hupita kati ya mahema usiku, na kwa kawaida hulichukulia hema lililofungwa kama kitu kisichowahusu. Hatari humkuta anayetembea gizani, anayelala na mlango wazi, au aliyeacha kitu chenye harufu nje. Fisi hubeba viatu vya ngozi, sufuria iliyobaki na ukoko, hata mto wa kiti, kwa hiyo viatu hulala ndani. Kila mtu huenda chooni kabla ya kulala, watu wazima wakiandamana na watoto kwa tochi, na ndani ya kila hema huwekwa ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya haja ya usiku. Wasafiri wengi huona haya kuibeba ndoo hiyo, nao ndio wanaokesha wakisubiri mapambazuko.

Ikitokea dharura ya kweli, kwa mfano ugonjwa, mtu hufungua zipu kidogo na kuzungusha mwanga wa tochi taratibu pande zote kabla ya kutoa hata mkono. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya mboni unaorudisha mwanga, hivyo macho yao hung'aa hata pale ambapo mwili hauonekani. Macho ya swala nayo hung'aa, na asiye mzoefu hawezi kuyatofautisha na ya chui, kwa hiyo jozi yoyote ya macho ni sababu ya kufunga zipu na kupiga kelele kuwaamsha wenzake walio karibu na gari. Ngurumo ya simba husikika kilomita kadhaa na ndani ya hema huonekana kama iko mlangoni. Watoto waelezwe jambo hili mapema, walazwe katikati, na wazazi wasifanye utani wa kuwatisha.

Wadudu wadogo wanahitaji umakini uleule. Mbung'o, nzi wa mchana anayeng'ata hata juu ya nguo nyepesi, hupatikana zaidi penye miti, hufuata magari yanayokwenda na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake iliyotundikwa kando ya barabara ni ya vitambaa vya rangi hizo. Nguo za kahawia, kijani hafifu au rangi ya udongo ndizo zinazofaa. Mbung'o anaweza kueneza malale, ugonjwa wa nadra lakini unaoua usipotibiwa, na mbu hueneza malaria. Mtu anayepata homa wiki chache baada ya safari anapaswa kumwambia daktari kwamba alilala Serengeti, hata kama hakuulizwa. Kipupwe, hasa Juni hadi Agosti, Seronera huwa na baridi ya usiku kwa kuwa ipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na blanketi moja halitoshi kwa mtoto.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na katazo hilo lina uzito zaidi ndani ya hifadhi, ambako mfuko unaopeperushwa na upepo huishia tumboni mwa mnyama. Vyakula vifungashwe nyumbani katika makopo yenye vifuniko na mifuko ya kitambaa, na taka zote zirudi na gari hadi nje ya lango, yakiwemo maganda. Kuzika taka hakusaidii, kwa kuwa fisi hufukua usiku uleule.

Asubuhi ya kuondoka, baada ya mahema kukunjwa, kundi zima lijipange mstari mmoja na kutembea polepole kutoka upande mmoja wa eneo lao hadi mwingine, macho yakiwa chini. Hapo ndipo vinapopatikana vifuniko vya chupa, kipande cha kamba na kijiko cha mtoto. Mwenye hema ahesabu vigingi vyake kabla ya kuwasha gari, kwa kuwa kigingi cha chuma kilichosahaulika ardhini hutoboa gurudumu la gari litakaloegeshwa hapo jioni ile.